Vichupa vya Kahawia

Pale maabara ya hospitali walimwita Mama Vichupa, na yeye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kupima kiasi cha dawa kwenye damu za wagonjwa kwa mashine ya kromatografia, ile inayochambua mchanganyiko na kutoa kila kitu peke yake. Watu wanaisifu sana hiyo mashine. Wanaisifu bure! Inashusha sindano, inanyonya ulichoiwekea, inakupa namba, basi. Ukiiwekea kwenye kichupa kisichofaa, itakupa namba ya uongo kwa uso mkavu kabisa.

Kwa hiyo yeye alichagua. Alikiinua kila kichupa kwenye mwanga akikagua ufa, akabonyeza kila kifuniko kuona kama kimekaa. Damu kidogo ilitaka kichupa chenye kitako chembamba, sindano isije ikaambulia hewa. Dawa inayoharibiwa na mwanga ilitaka kichupa cha kahawia, na ile inayonata kwenye kioo ilitaka cha plastiki. Hata sokoni tabia hiyo ilimfuata, mumewe akasimama na kikapu mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mke wangu, na mimi ulinigeuzageuza hivi?"

"Wewe nilikuchukua haraka haraka. Ndiyo maana siku hizi nachagua."

Sasa siku hiyo ikaletwa damu ya mtoto mchanga aliyekuwa akipewa dawa ya kutuliza moyo. Dawa yenyewe ya kuogopwa: ikipungua moyo unakwenda mbio, ikizidi moyo unasimama. Namba ikatoka ndogo. Haikupita hata dakika, daktari wa watoto akapiga simu.

"Vipi dada, nipandishe dozi?"

"Nipe muda kidogo, daktari."

"Mtoto mwenyewe hana muda."

"Najua. Nipe huohuo mdogo."

Mwenzake wa meza ya pili, aliyeitwa Shemeji na hospitali nzima kwa kuwa alimwoa dada wa mhasibu wa hapo, akamshangaa. "Namba si hiyo hapo? Unang'ang'ania nini?"

"Roho haijatulia. Mtoto anapewa dawa kila siku, halafu kwenye damu haionekani. Imekwenda wapi?"

Aliuliza hivyo, macho yakakiangukia kile kichupa, akajijibu. Vile vya plastiki ya kahawia walivyovizoea vilikwisha jana yake. Stoo vilibaki vya plastiki angavu na vya kioo cha kahawia, naye kwa mkono wake mwenyewe akachukua vya kioo, kwa kuogopa mwanga. Ni kweli dawa ile haipatani na mwanga. Lakini kwenye kioo hunata vilevile, na sindano hainyonyi kilichoganda ukutani. Alikwepa baya moja akaliangukia jingine, tena yeye, mchaguzi! Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Damu iliyobaki ilitosha kupima mara moja tu, na mtoto yule alikwishachomwa sindano mikono yote miwili na miguu. Ikiharibika hiyo, daktari angebaki kukisia. Mama Vichupa akachagua kichupa cha plastiki angavu, chenye kitako chembamba, akakitazama, akakirudisha, akachukua kingine.

"Shemeji, nataka foili."

"Imefunga chakula changu kule jikoni."

"Kifungue, kisha kale."

"Leo nimepewa ruhusa ya kula mapema! Mungu mkubwa."

Alipoletewa, Mama Vichupa akatia ile damu kichupani, akakizungushia foili ili mwanga usipite, akakipandisha kwenye mashine, akasimama mikono kifuani. Namba ilipotoka, ilikuwa kubwa, imepita kiwango. Akaikimbilia simu.

"Daktari, usipandishe. Simamisha kabisa. Ile namba ya kwanza ilikuwa kosa langu."

Daktari akasikika akimwagiza muuguzi. Kisha akarudi kwenye simu. "Nimesimamisha. Asante, dada yangu."

Akavuta kiti, akakaa. Shemeji alirudi anafuta mdomo, na aliposikia habari akapiga meza kwa furaha. "Umemwokoa mtoto wa watu, Mama Vichupa!"

"Nyamaza kwanza," alisema, na uso ukambadilika.

Vile vya kioo vilianza kutumika jana. Na jana hiyo alipima damu ya mgonjwa mwingine wa dawa ileile, mama mmoja wa wodi ya wanawake. Namba yake nayo ilitoka ndogo, akaipitisha bila wasiwasi, kwa sababu damu ilikuwa tele na hakuna daktari aliyepiga simu kumharakisha. Akainua tena simu, akapiga wodi ya wanawake kumuulizia.

"Yule mama?" muuguzi akajibu kwa uchangamfu. "Hajambo, majibu yenu yametusaidia sana. Tumempandishia dozi tangu asubuhi, na sasa ametulia, amelala."

"Dada, kaifunge hiyo dripu."

"Lakini daktari ndiye aliye—"

"Ifunge! Daktari nitamweleza mimi. Nenda, nakusubiri hapahapa."

Alisikia simu ikiwekwa mezani, na viatu vya muuguzi vikikimbia. Akabaki na simu sikioni, akimwomba Mungu yule mama awe amelala kweli.