Mama Ngazi na Darasa la Kuanguka

Mama Ngazi alipaka rangi nyumba za watu maisha yake yote, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuanguka. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake, wote wanaume, siku ya kwanza alipofika kazini na ngazi yake begani. Walimcheka mpaka wakashika mbavu, wakimuuliza kama amewaletea chakula. Jioni upepo ulipochachamaa, wale wanaume wote walishuka. Yeye alibaki kule juu chini ya paa, anavuta mstari ulionyooka kwa brashi bila tepu, huku anaimba. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Sasa mtu wa namna hiyo, aliyepanda maghorofa na ndoo mkononi, unajua aliangushwa na nini? Sakafu ya bafuni! Sabuni kidogo, maji kidogo, mguu huku mguu kule, huyo chini. Hakuvunjika mahali. Alipata nundu kwenye kiwiko basi. Kilichomuumiza hasa ni kwamba alishindwa kuinuka. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mikono ikateleza, magoti yakagoma. Mwanawe na mkwewe walikuwa wamekwenda kazini, nyumba iko kimya. Alilala pale chini tangu asubuhi mpaka aliposikia watoto wa jirani wanarudi kutoka shule, na muda wote huo alikuwa anatazama chini ya sinki, mahali ambapo fundi mvivu aliacha bila kupaka rangi akidhani hakuna atakayeona. Mama Ngazi aliona. Aliona mpaka akalia, na hakuwa analilia rangi. Mwishowe alijiburuta kwa makalio hadi chumbani, akajivuta kitandani kwa kushika shuka. Jioni mkwe alipomuuliza mbona macho mekundu, alisema ni mafua.

Hakumwambia mtu. Na hapa lazima nikueleze habari za huyo mwanawe, la sivyo utamlaumu mama bure. Alikuwa wakala wa bima. Mwanamume mpole, mwenye kitambi cha heshima, anampenda mama yake kupita kiasi, na shida yote ilikuwa hapo kwenye kupita kiasi. Mtu akiuza bima mwaka nenda mwaka rudi, anaanza kuona ajali hata kwenye kijiko. Alishamkataza mama yake kupika, kisa moto. Kufua, kisa maji. Kupanda kiti kubadilisha taa ndiyo usiseme. Kiti! Mama Ngazi huyo huyo! Angejua habari ya bafuni, angemkalisha mbele ya televisheni na kumpangusa vumbi kama ua la plastiki.

Kwa hiyo mama aliposikia kwamba kile kituo cha wazee nyuma ya zahanati kina darasa la kuwafundisha watu kuanguka, na hasa kuinuka, alipiga moyo konde akaenda. Nyumbani aliaga kuwa anakwenda kupimwa presha na kunywa chai. Si uongo. Presha walipimwa kweli, na chai walikunywa, tena ya kutosha.

Ukumbi wa kituo ulikuwa ghala la saruji zamani, na siku za joto kuta bado zilinukia saruji. Mama Ngazi alipoingia mara ya kwanza alitazama dari kabla ya kusalimia watu. "Nani alipaka hii? Angefungwa!" Wazee wakacheka, na hapo hapo akawa mwenzao. Mkuu wa kituo alikuwa Nesi, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliwapima presha, akawakata kucha za miguu wale wasiofika tena chini, akawagombeza waliosahau dawa, na ukikosa kuja alikupigia simu kukuuliza unaringa nini. Kulikuwa na Kinyozi, mzee mkavu aliyenyoa nusu ya mji enzi zake, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa haongei na mtu. Kituoni walimkalisha kwenye drafti, akaibiwa kete mchana kweupe, hasira zikampanda, akafoka, na tangu siku hiyo mdomo haujafungwa tena. Nesi mwenyewe ndiye aliyeamuru aibiwe kete, lakini hilo usimwambie Kinyozi.

Darasa la kuanguka lilianza kwenye magodoro, kisha sakafuni kavukavu. Sheria ilikuwa moja tu, na Nesi aliisema kila mara akiwa amenyoosha kidole. "Mtu akiwa chini, haguswi! Akitaka msaada atainua mkono. Hajainua mkono, kaeni mbali na mfunge midomo. Siku utakayoanguka kwako, mimi sitakuwepo."

Basi ndiyo hivyo. Unalala chini, unapumua kwanza, maana mwenye haraka ndiye anayeumia. Unajikagua kama kuna kilichovunjika. Unageuka ubavu. Unasukuma kwa kiwiko, kisha kwa kiganja, unafika kwenye magoti na mikono. Unatambaa hadi kwenye kiti kizito. Mikono juu ya kiti, mguu mmoja mbele, wenye nguvu kuliko mwenzake, halafu unasukuma dunia ikae chini yako. Mara ya kwanza Mama Ngazi alichukua muda mrefu mpaka Kinyozi akauliza, "Dada, tukuletee na mto?"

"Niletee nyembe zako," alijibu kutoka sakafuni, "nikiinuka nikunyoe hizo nyusi."

Akainuka. Miguu inatetemeka, jasho linamtiririka, lakini ameinuka, na hakuna aliyemshika. Siku hiyo alirudi nyumbani akaingia bafuni, akafunga mlango, akaitazama ile sakafu kwa dharau. Tangu alipoanguka alikuwa anaingia humo roho mkononi, na sasa hakuogopa. Nani mwingine angempa hicho? Dawa gani? Bima gani?

Halafu mwanawe akaharibu kila kitu.

Siku moja alimaliza kazi mapema, akaona ampitie mama na gari. Akafika kituoni, akasukuma mlango wa ukumbi, na alichokiona ni hiki: mama yake mzazi amelala chali sakafuni, na kundi zima la watu limemzunguka, wamekunja mikono, wanatazama tu. Kinyozi anatafuna karanga. Jamani, ungekuwa wewe?

"Mama!" Alipiga ukelele, faili zikamtoka, akawapiga vikumbo wazee wa watu, akamnyanyua mama yake mzobemzobe kama mtoto mchanga. "Mnamtazama tu? Nyinyi ni watu gani? Hamna haya?"

"Mshushe!" akafoka Nesi. "Hajainua mkono!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomwaga mafuta kwenye moto. Mwana akawa mbogo. Alisema atakishtaki kituo, atamshtaki Nesi, na yule mzee wa karanga naye atamshtaki. Mama Ngazi alikuwa ananing'inia mikononi mwake, miguu inacheza hewani, anapiga kelele kwamba ni mazoezi, ni mazoezi wewe mtoto, niweke chini! Hakusikia. Alimbeba hivyo hivyo hadi kwenye gari mbele ya wote. Mwanamke aliyebeba ndoo za rangi ghorofa kwa ghorofa, leo anabebwa yeye. Aibu ile ilimchoma kuliko siku ya bafuni.

Jioni hukumu ilitolewa: kituo basi. Mkwe, ambaye ni mwalimu na si mtu mbaya, aliambiwa afiche zile raba nyeupe ambazo mama huvaa kituoni, akazificha shingo upande. Presha atapimwa nyumbani. Chai ipo nyumbani. "Na kuongea utaongea na sisi, mama," alisema mwana kwa upole, halafu yeye na mkewe wakaenda kazini kila asubuhi na kurudi kila jioni wamechoka, wanaongea na simu zao.

Mama Ngazi akakaa sebuleni. Siku za mwanzo alinuna. Zilizofuata alianza kuona magoti yanakaza, na hilo lilimtisha. Siku moja alishika ukuta alipotoka kwenye kiti, akajiona anashika ukuta. Nikikaa hapa, aliwaza, nitaanguka tena, na safari hii sitainuka. Kinyozi alipiga simu. "Dada, Nesi amesema unaringa nini?" Alitaka kucheka, akashindwa. Alikata simu akalia tena kama siku ile ya sinki. Alipomaliza kulia alifuta uso, akakata shauri.

Alingoja siku ambayo wote wako nyumbani, wameshiba, wamekaa. Akazima televisheni.

"Mama, mpira huo," alisema mwana.

"Utaendelea bila wewe. Baba, niambie, unaogopa nini?"

Mwana aliweka simu chini. "Naogopa utaanguka, mama. Nikiwa kazini nawaza hilo tu. Ukianguka hapa peke yako, je?"

"Nilishaanguka."

Akawaeleza yote, bila kutia chumvi na bila kupunguza: sabuni, magoti, sinki, watoto wa jirani, kujiburuta, yale mafua ya uongo. Alimwambia mwanawe kwamba alimwita kwa jina siku ile, mara nyingi, huku akijua hayupo. Mkwe alikuwa ameshafunika uso kwa kitenge.

"Mbona hukuniambia, mama?" aliuliza mwana.

"Ungenifungia. Si umenifungia?" Sauti yake ilianza kupanda. "Kuanguka nitaanguka tu, hata ukinifunga kamba. Wewe unataka nisianguke. Mimi nataka nikianguka niinuke. Kule wananifundisha kuinuka. Wewe umenifundisha kukaa!"

"Mama, mimi nakupenda."

"Najua. Ungekuwa hunipendi ningeshatoroka." Akavua ndala. "Sasa asiniguse mtu."

Akashuka. Mkono kwenye kochi, goti moja, goti la pili, ubavu, mgongo, hadi akalala kabisa, macho darini, miguu imenyooka. Mwana aliruka kama ameungua.

"Hajainua mkono," alisema mkwe, akamshika shati. "Mwache."

Sijui mkwe alijulia wapi hiyo sheria. Nadhani alikuwa amempigia Nesi simu kimyakimya, maana walimu hawawezi kukaa bila kuuliza.

Mama Ngazi alipumua. Akageuka ubavu. Kutoka pale aliona chini ya meza, na chini ya meza nako hakukupakwa rangi, akasonya. Kiwiko, kiganja, magoti na mikono. Akatambaa, taratibu, nywele nyeupe zimemwangukia usoni, hadi kwenye kiti cha mbao cha kulia chakula. Mikono juu. Mguu wa kulia mbele. Akasukuma.

Goti likagoma. Alirudi chini kwa kishindo, na mwana akatoa sauti ambayo mtu mzima hapendi kusikika akiitoa. Alikuwa ameuma ngumi, machozi yanamtoka waziwazi. Siku zote za kukaa kwenye kochi zilikuwa kwenye lile goti, na kila mtu sebuleni alijua ni nani aliyemkalisha.

"Mama, inua mkono," alinong'ona. "Nakuomba."

Mama Ngazi hakuinua mkono. Alibaki amepiga magoti, paji la uso juu ya kiti, anapumua kama mtu aliyebeba ndoo hadi ghorofa ya mwisho na kukuta bado kuna ngazi. Walimwona akitikisa kichwa, anajisemesha kitu, pengine anajitukana. Kisha akabadilisha. Mguu wa kushoto mbele safari hii. Akashika kiti mpaka vidole vikawa vyeupe, akaguna mguno ambao jirani lazima aliusikia, akasukuma. Matako yakapanda, mgongo ukafuata, kichwa kikaja mwisho. Akasimama wima peke yake katikati ya sebule. Akageuka, akakaa kwenye kiti kile, mikono magotini.

Hakuna aliyesogea. Mkwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mwana bado ameshikwa shati, amekodoa macho, hata hathubutu kuuliza kama anaruhusiwa kusogea.

Ndipo Mama Ngazi akainua mkono, juu kabisa, kama mwanafunzi darasani.

Mwana aliruka meza, akapiga magoti mbele yake. "Nini, mama? Umeumia? Wapi? Nieleze!"

"Chai," alisema Mama Ngazi, bado anahema. "Na raba zangu. Mmezificha wapi?"