Pweza Aliyekaa Eda

Nilikuwa mtoto wa darasa la tano mdogo wangu Shabani alipozaliwa, na maziwa ya mama hayakutoka ila matone. Siku ya kwanza watu walisema ni kawaida. Siku ya tatu hakuna aliyesema kitu. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama alikaa kitandani amempakata, akimhamisha ziwa hili kwenda lile, macho yake yako ukutani. Nesi wa zahanati alikuja, akasema mama anywe uji kwa wingi na asiache kumweka mtoto kifuani. Bibi yangu, mama yake mama, aliitikia kwa heshima. Nesi alipotoka, bibi alinigeukia.

"Kesho maji yanatoka sana," akasema. "Twende tukamtafutie supu ya pweza."

Sisi ni watu wa Pande, kusini mwa Kilwa Masoko. Kwetu supu ya pweza ilikuwa dawa ya mzazi, na sikumbuki mtu aliyewahi kubisha. Wanaume walikuwa na vyombo vyao na bahari yao ya mbali. Wanawake bahari yao ilikuwa mwamba. Siku za bamvua, maji yanapotoka mpaka matumbawe yakabaki wazi, walifunga khanga viunoni, wakachukua vikapu na fimbo za chuma zenye ncha iliyopinda, wakaenda kuchokoa pweza. Mimi nilianza kwenda na bibi nikiwa na miaka saba. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, ingawa babu mwenyewe sikumkuta.

Ni bibi aliyenifundisha kuijua nyumba ya pweza. Mlangoni pake huwa pana takataka: magamba ya kaa, makombe ya chaza yaliyopasuliwa, mabaki ya chakula cha jana. Ukiona takataka mbichi, mwenyewe yumo. Unaingiza fimbo, anaikamata kwa hasira, unamvuta taratibu. Lakini aliniambia pia kuna mlango ambao usiuguse. Huo umezibwa kwa mawe madogo, yamepangwa kutoka ndani, yamekazana, na nje hapana gamba hata moja jipya.

"Huyo amefiwa," alisema. "Yumo edani. Hali, hatoki, anakaa mle ndani mpaka siku zake ziishe. Mwanamke aliye edani haitwi nje. Ukimtoa, eda yake unaibeba wewe, unaipeleka nyumbani kwako."

Nilikuwa nimeshaona eda. Jirani yetu alipofiwa na mume alikaa ndani miezi minne na siku kumi, na sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele karibu na dirisha lake. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Eda ikiingia nyumbani kwetu, maana yake baba amekufa.

Na baba alikuwa dago. Alikuwa ameondoka wiki moja kabla ya mama kujifungua, yeye na wenzake, kwenda kuweka kambi ya uvuvi kwenye visiwa vya mbele. Hakujua hata kama amepata mtoto wa kiume.

Siku ile ya kwanza ya bamvua hatukupata kitu. Siku ya pili bibi alipata mmoja mdogo, ukapatikana mchuzi wa kikombe kimoja. Siku ya tatu tulitoka asubuhi tumeacha nyumba kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio. Shabani hakuwa analia tena. Alikuwa anafungua mdomo tu.

Tulitembea mwambani mpaka miguu ikafa ganzi. Bibi alikuwa mbele, ameinama, anageuza jiwe baada ya jiwe. Maji yalikuwa yameanza kurudi, unayaona yakiingia kwenye mifereji ya mchanga kati ya matumbawe, na mimi kikapu changu kilikuwa na makombe matatu. Hapo ndipo nilipouona ule mlango. Ulikuwa ubavuni mwa tumbawe kubwa, chini, na mawe yake yamepangwa vizuri sana, kama mtu aliyeziba ufa wa ukuta.

Nilimtazama bibi. Alikuwa amenipa mgongo.

Nikachuchumaa, nikaanza kutoa mawe. Kila jiwe nililolitoa nililiweka pembeni polepole lisigongane na jingine. Nikaingiza fimbo. Nilikuwa nimezoea kuvutana na pweza, mikono yake inakuzunguka mkono wako mpaka kiwiko, unabaki na alama nyekundu. Huyu hakunikamata. Alijikandamiza juu, kwenye dari ya tundu, akajitandaza huko kama mtu anayefunika kitu kwa mwili wake. Nilimvuta mara mbili, tatu. Alipotoka, alitoka na uzi mweupe umemnasa kwenye mkono mmoja, na kwenye uzi ule pamening'inia vitu vidogo vyeupe, kama punje za mchele. Nilichungulia tundu. Dari yote ilikuwa imejaa nyuzi hizo, zinapepea kwenye maji. Nilizisogelea. Kila punje ilikuwa na vidoa viwili vyeusi. Vilikuwa macho.

Nilimgeuza kichwa upesi, kama tulivyofundishwa, akafa. Nikamtia kikapuni, nikamfunika na mwani, nikamkimbilia bibi.

Bibi alimtoa, akampima mkononi. Hakuwa na uzito wa ukubwa wake. Alikuwa ameisha, ngozi imelegea, rangi imefifia.

"Umempata wapi?"

"Kule kwenye majani ya baharini, bibi. Alikuwa anatembea."

Alinitazama kwa muda, halafu akamrudisha kikapuni. "Haya. Maji hayo, twende."

Supu ilipikwa mchana, na pilipili manga na ndimu. Mama aliinywa yote. Sijui kama ni ile supu, au uji wa nesi, au siku zilikuwa zimefika tu, lakini alfajiri ya pili yake niliamshwa na sauti ya mtoto anameza. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na khanga yake imelowa kifuani. Bibi alisema alhamdulillahi mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mimi nilifurahi mpaka nikatoka nje nikakaa kizingitini peke yangu, na hapo furaha ikaanza kunitoka kidogo kidogo, maana nilikumbuka baba.

Bamvua likaisha, yakaja maji mafu, yale yasiyotoka mbali. Wenzake baba wakarudi kutoka dago. Baba hakuwa nao. Walisema waliachana njiani, yeye na mtu mmoja walikuwa kwenye chombo kingine, walidhani wametangulia. Siku ya kwanza watu wakasema atafika. Siku ya pili wanaume wakatoka kumtafuta. Siku ya tatu wanawake wakaanza kuja nyumbani, wanakaa na mama, wanaongea mambo ya mihogo na ya mtoto, na kila mmoja akiondoka anamshika mama bega.

Sikuweza kula. Ukinipa ugali nautafuna, haushuki. Usiku nilikuwa nahesabu miezi minne na siku kumi, najiuliza mama atakaa chumba kipi. Siku ya nne bibi alinikuta nyuma ya jiko natapika maji matupu.

"Mke mwenzangu, una nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia mawe, na nyuzi, na macho, na uongo wangu wa kwenye majani. Nilisema, "Bibi, mimi ndiye niliyemuua baba." Nilitegemea kofi. Bibi alikuwa na mkono mwepesi kwa waongo.

Alikaa chini, pale pale kwenye majivu, na khanga yake safi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu nilipomshika. Pweza anayekula hawi vile."

"Mbona ulimpika?"

Ndani Shabani alikuwa analia, kilio cha mtoto mwenye nguvu sasa, na bibi alisikiliza mpaka kikanyamaza.

"Ningewezaje kumwambia mama yako kwamba nimemtupa?" akasema. Halafu akaniambia jambo ambalo nadhani hata mama hakulijua. Yeye naye alimtoa mmoja, zamani, mama yangu akiwa mgongoni, mwaka wa njaa. Haukupita mwezi babu akashikwa na homa, akafa. "Watu walisema homa. Mimi nilikaa eda yangu nikijua."

Nilianza kulia tena. Akanishika uso kwa mikono yenye majivu.

"Sikiliza. Wewe ulimtoa, mimi nikampika nikijua. Mkubwa aliyejua ndiye anayeulizwa. Kama kuna jambo, ni langu na Mola wangu. Wewe nenda kale."

Nilikwenda nikala. Ndivyo watoto tulivyo. Yeye hakula. Kuanzia siku ile mpaka baba aliporudi sikumwona bibi akitia kitu mdomoni zaidi ya maji, na alikuwa anakaa juu ya msala muda mrefu baada ya watu wote kumaliza kusali.

Baba alirudi siku ya sita. Sote tulikuwa tumekodolea macho baharini, yeye akatokea nyuma ya nyumba, kwa njia ya barabara, ameshuka kwenye lori lililokuwa limebeba nazi. Mashine ya boti ilikuwa imewafia, mkondo ukawapeleka kaskazini, wakaangukia pwani ya mbali ambako hawakumjua mtu. Kidole kimoja kilikuwa kimevimba na midomo imepasuka, basi. Mama alimpa mtoto amshike. Bibi alimsalimia mkwewe kwa utulivu wake wa siku zote, akauliza habari za safari, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilimsikia akilia humo ndani kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Bamvua lililofuata alinipeleka mwambani. Aliniambia nimwonyeshe. Tundu lilikuwa tupu. Hapakuwa na uzi wala punje, samaki walikuwa wamesafisha kila kitu, na samaki mkunga mdogo, mrefu kama nyoka, alikuwa ameshahamia. Bibi aliniinamisha nitazame vizuri.

"Wale wenye macho ndio wangekuwa pweza wa mwakani," alisema, na hatukulizungumza tena.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Miaka hiyo ndipo walipoanza kuja wanunuzi na masanduku ya barafu, na vijana wa kwetu wakapata miwani ya kuzamia. Hawakusubiri bamvua. Walizama kila siku, kwenye kila tundu, lenye mawe na lisilo na mawe, maana pweza ni pweza, barafu haiulizi kama amefiwa. Kwa muda mfupi kila mtu alikuwa na cha kuchemsha. Kisha wanawake wakawa wanatembea mwamba wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, wanarudi na makombe.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi Lindi mjini, na Shabani amebaki Pande, fundi ujenzi, mrefu kuliko baba. Mwaka huu kijiji kilikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, na siku ya kuufungua nilikwenda nyumbani na binti yangu. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, alisimama na picha kubwa. Akaeleza kwamba pweza jike akishataga hujifungia, hali, anapepea mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimtoa kabla, umetoa maelfu. Wazee wa kike waliokaa mbele walitazamana. Mmoja wao, rika la mama yangu, akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunasema yumo edani." Watu walicheka. Bwana samaki naye alicheka, lakini nilimwona akichukua kalamu akaandika.

Usiku ule, tumelala kwenye kile kitanda cha zamani, nilimsimulia binti yangu habari yote. Nikadhani amesinzia.

"Kwa hiyo ulikosea, mama?"

Nilimwambia ndiyo. Halafu nikamwambia kwamba mtoto akilia vile mbele yangu, nitakwenda tena.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Siamini kwamba babu yangu aliuawa na pweza, wala kwamba baba aliokolewa na saumu ya mwanamke mmoja, ingawa sijawahi kusema hivyo kwa sauti nikiwa Pande. Lakini najua bibi aliiamini ile eda ya pweza kwa moyo wake wote, akaivunja mara mbili kwa sababu ya mtoto mwenye njaa, na mara zote mbili ikamnyima usingizi. Mimi ilinizuia nisimtoe wa pili. Vijana wa miwani hawakuwa watu wabaya. Wengine ni ndugu zangu, tumekaa dawati moja. Walimtoa kila aliyekuwamo, wakarudi nyumbani, wakalala vizuri.