Majivu ya Pumba Kwenye Kiwanja cha Mbasa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikifumba macho bado naiona. Tumekaa ukingoni mwa mto upande wa Lupiro, timu nzima, tunasubiri pantoni ituvushe kurudi Ifakara. Tumefungwa, na hakuna anayetaka kumtazama mwenzake usoni. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata zile mvua kubwa za Elinino, na daraja mnalopita leo kwa pikipiki halikuwapo hata kwenye ndoto zetu. Pantoni ilikuwa imezimika injini ng'ambo ya pili. Mto ulikuwa mpana, umetulia, unang'aa mpaka macho yanauma. Na usicheke, huyu unayemwona hapa na fimbo ndiye aliyekuwa kapteni.

Kipigo kile kilitushusha daraja. Msimu unaofuata tungerudi kucheza ligi ya wilaya, kwenye viwanja vya kufukuza kwanza mbuzi ndipo mpira uanze.

Sasa nikueleze desturi yetu ya siku hizo. Timu ikifungwa vibaya tulisema jina lina nuksi. Basi jina linavuliwa, linavaliwa jingine, na Jumapili inayofuata tunaingia uwanjani kifua mbele kana kwamba waliofungwa ni watu wengine. Mzee Kasiani, mwanzilishi wa timu, aliiita Mbasa, kwa ajili ya samaki wa mto wetu. Wapinzani wakawa wanaziba pua tukipita, wanasema tunanuka shombo, tukaona aibu. Vita ya Ghuba ilipovuma redioni tukajiita Skadi, kama yale makombora ya Sadamu. Skadi ikafungwa, tukajiita Kimbunga. Kimbunga nacho ndicho hicho kimeshuka daraja, na mimi nilikuwa na jina jipya mfukoni: Elinino.

Kiwanja chetu alikitoa huyo huyo Mzee Kasiani. Ni ule mwinuko ambao maji ya masika hayaufikii, na wewe umezaliwa bonde hili, unajua mwinuko ni mali ya namna gani. Alisimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji akasema ardhi hii naipa Mbasa. Miaka ikapita, watoto wa kaka yake wakakua, wakataka kulima. Wakaenda kwa mwenyekiti na hoja moja tu, kwamba Mbasa ilishakufa zamani, hakuna timu ya jina hilo, kwa hiyo kiwanja kirudi kwenye ukoo. Mwenyekiti akasema Jumatatu asubuhi, mara baada ya mechi ile ya Lupiro, atafika mwenyewe kuangalia. Sisi vijana tulilisikia hilo tukalipuuza. Tulidhani kiwanja ni chetu hata tukijiita vipi.

Tulikuwa tumesafiri na lori la misheni. Dereva wake alikuwa Fundi Bruno, Mjerumani aliyekuwa akitengeneza magari na mashine ya kukoboa mpunga, mtu mnene wa uso mwekundu, mwenye Kiswahili cha taratibu. Siku ya kwanza nilipomwambia naitwa Engelbati alicheka mpaka akashika tumbo, akasema hilo ni jina la babu yake. Mapadri wa zamani walitubatiza majina ya kwao, na yeye alikuwa amesafiri nchi zote hizo kuja kukutana na babu yake amevaa jezi na ndala.

Basi pale ukingoni nikawatangazia wenzangu lile jina jipya. Vijana wakachangamka kidogo. Bruno akauliza la zamani lina kosa gani, nikamweleza habari ya nuksi. Akachuma jani akalitafuna, halafu akaanza kusimulia timu ya kwao. Jina lake lilikuwa refu, lilimjaa mdomoni yeye mwenyewe, kwa hiyo sisi tukaiita Timu ya Tanuri, maana waliianzisha wachoma matofali wa mji mdogo kwenye kona ya mto.

Sijui kama ni jua, au njaa, au ule mto uliokuwa ukipita bila kusema neno. Lakini alivyosimulia, mwanangu, niliiona. Niliwaona wachoma matofali wakitoka kazini na vumbi jekundu kichwani, wakicheza kwenye malisho, ng'ombe wakiwa pembeni wanawatazama. Mto wao nao ulikuwa ukifurika. Kila maji yalipoondoka walichukua majembe na ndoo wakazoa tope uwanjani, wazee, wake zao, na padri pia. Nikaona ukungu wao umechanganyika na ukungu wetu wa asubuhi, na katikati yake wazee wa makoti marefu wakinywa kitu cha moto na kubishana kuhusu goli lililofungwa kabla baba zao hawajaoa.

Kisha ikaja vita kubwa, vijana wote wakachukuliwa. Timu ikabaki bila mchezaji hata mmoja. Alibaki mtunza kiwanja, mtu wa mguu mbovu, vita haikumtaka. Kila Jumamosi alitoka na ndoo yake ya chokaa akachora mistari yote, ya pembeni, ya katikati, na ile ya penalti. Hakuna mechi, hakuna mpira. Watu wakasema amerukwa na akili. Wakimuuliza anamchorea nani, anawajibu kwa kutaja lile jina refu, halafu anaendelea kuchora.

Vita ilipokwisha, wanajeshi wa kigeni wakapiga mahema pale. Walipoondoka, wenye njaa wakapanda viazi. Wachache waliorudi hai wakaenda kukiomba kiwanja chao, wakaulizwa ni cha nani. Wakataja jina. Na kwa sababu kila mtu mjini alikuwa amemwona yule mzee na ndoo yake, hakuna aliyesema timu hiyo haipo. Walirudishiwa nusu kwanza, nusu nyingine wakaambiwa wasubiri viazi vikomae. Bruno alicheka alipofika hapo, na sisi tukacheka naye.

Nikamuuliza, sasa hivi wako daraja gani. Nilitarajia kusikia makubwa, Ujerumani ile. Akasema wako chini, chini kabisa, chini ya waliokuwa chini. Waliwahi kupanda mara moja, zamani, wakakaa juu muda mfupi, wakashuka, na tanuri lenyewe likafungwa. Tajiri mmoja akaja akataka kuwaunganisha na timu ya mji wa jirani, jina libadilike, wapande haraka. Wakakutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, baba yake Bruno akiwemo, wakakataa. Sasa wanacheza na vijiji, watazamaji wanajuana kwa majina, na baba yake bado anapaka rangi benchi lile lile kila mwaka.

Mimi nikasema, basi hamkupata kitu. Nilisema hivyo kwa sauti, na majivuno ya ujana wangu.

Mzee Kasiani alikuwa amekaa nyuma yetu tangu mwanzo, kofia imemfunika macho, tulidhani amelala. Akainua kofia. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Engelbati," akasema, "uliporudia darasa la nne, padri alikubatiza upya?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikatazama chini.

"Sikuwahi kuwalaumu kwa kufungwa," akasema. "Lakini kila mnapofungwa mnanizika. Na sasa mnataka kujiita jina la mvua iliyotunyima mpunga. Jumatatu mwenyekiti akiuliza Mbasa iko wapi, nimwoneshe nini mimi?"

Akashusha kofia yake tena. Pantoni ikaja jua likiwa limelala upande, tukavuka, na hakuna aliyelitaja tena neno Elinino.

Jumatatu alfajiri nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa. Unajua lundo la pumba lililo nyuma ya mashine, jinsi linavyoungua polepole wiki nzima na kuacha majivu meupe chini yake. Nikajaza ndoo. Nilipofika kiwanjani kulikuwa na ukungu mzito, goli la upande wa pili halionekani. Sikuwa na kamba ya kunyooshea. Nikaanza kumwaga majivu kwa mkono, hatua baada ya hatua, na wenzangu wakawa wanatokea ndani ya ukungu mmoja mmoja, kila mtu na ndoo au sufuria ya mama yake. Sikuwa nimemwita mtu. Bado sijui nani aliwaambia. Mistari ilipinda kama njia ya mlevi, na sijawahi kuona kitu kizuri kuliko ile mistari.

Ndipo tukasikia kengele za ng'ombe. Watoto wa kaka yake mzee hawakutaka kumsubiri mwenyekiti, walikuwa wamekodi maksai na plau wapasue ardhi mapema, akija akute ni shamba. Na aliyekuja na maksai, mwanangu, alikuwa Masanja, mshambuliaji wetu wa kati. Wazazi wake walikuja bonde hili na mifugo kutoka Usukumani, na baba yake alikuwa amemtuma bila kumwambia anakwenda kulima wapi. Kijana wa Kisukuma hamuulizi baba yake maswali. Akafika kwenye mstari wa pembeni, akaona majivu, akawavuta ng'ombe wakasimama.

Nyuma yake walikuwa wenye kutaka shamba, na nyuma yao tukamwona mwenyekiti anasukuma baiskeli yake. Masanja akatutazama, akamtazama Mzee Kasiani aliyekuwa amesimama katikati ya kiwanja na ndoo tupu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Hii ni timu gani inacheza hapa leo?"

Mzee alinigeukia mimi. Wote wakanigeukia, na mwenyekiti akasimamisha baiskeli yake kusikiliza. Lile jina nilikuwa nimelikimbia tangu nikiwa mdogo.

"Mbasa," nikasema.

Masanja akafungua nira. Akawapeleka ng'ombe kwenye majani nje ya mstari, akarudi, akavua ndala zake, akaingia uwanjani. Baba yake alimchapa jioni ile, nalijua hilo. Mwenyekiti alizunguka kiwanja chote akifuata mistari yetu iliyopinda, kisha akasema anachokiona yeye ni kiwanja, na mwenye nacho ametajwa. Mzee Kasiani alilia mbele yetu, nami nililia, na sioni haya kukuambia.

Hatukupanda daraja mwaka ule. Wala uliofuata. Bruno alirudi kwao, na sikusikia tena habari za Timu ya Tanuri. Sijui kama imepanda au imeshuka. Ninachojua ni kwamba inaitwa vile vile.

Na wewe, kapteni wa leo, nimesikia mlivyofungwa Mang'ula, na nimesikia mmekaa na simu zenu mnatafuta jina la kisasa. Sikukatazi kuumia, umia. Badilisheni kocha, badilisheni jezi, mfukuzeni golikipa kama ni mvivu. Lakini siku mliyoshindwa msijifanye kuwa watu wengine. Anayejikana kila anapoanguka, siku ya kudai kilicho chake hana wa kumtaja. Ndivyo ilivyo kwa timu, na kwa ndoa, na kwa wewe mwenyewe.

Ndoo iko pale mlangoni, nimeshaijaza majivu. Ichukue. Mungu akupe mkono usiotetemeka, hata mstari ukipinda uonekane. Na siku utakapoulizwa wewe ni nani mbele ya watu, akupe sauti, mwanangu, ujibu mara moja.