Nyimbo za Supamaketi Zilizokubali Kuimba Jikoni Tu

Milango ya supamaketi bado imefungwa. Mama Kufuli amepanda ngazi nyuma ya kaunta ya mikate, tochi mdomoni, anachomeka waya kwenye kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Anabonyeza. Kimya.

"Imba basi, mwanangu," anakibembeleza, tochi sasa mkononi. "Usiniaibishe mbele za watu."

Kazi yake ni kuweka muziki madukani na saluni. Ana wateja kumi na wanne. Nyimbo anazoleta zimefungwa kwa ufunguo wa siri, mambo ambayo wasomi wanayaita usimbaji fiche, na kila kisanduku kina ufunguo wake. Ukinakili faili ukaipeleka kwingine, utasikia mkwaruzo tu. Jina lake la utani, Kufuli, limetoka hapo.

"Zamani keshia anachomeka flashi, jioni nyimbo ziko mtaa mzima, mwimbaji hana kitu," anaeleza. "Sasa duka linalipia, na mwimbaji anapata chake."

Leo anajaribiwa. Muziki ukisikika milango ikifunguliwa, atapewa matawi yote ya supamaketi hii. Usiposikika, kwaheri. Na orodha ya nyimbo waliibadilisha jana jioni. Wakubwa ndivyo walivyo: wanabadilisha, wanakwenda kulala, lawama wanamwachia mtu wa chini.

"Mama, vipi huko juu, umelala?" meneja anauliza, tai imemkaba shingo.

"Nimelala macho wazi, bosi."

Mara anajipiga kofi la uso. Jana nyimbo mpya alizifungia ufunguo akiwa jikoni kwake, huku anakoroga sufuria, kisanduku chake mwenyewe kikiwa juu ya kabati la vyombo. Ufunguo alioutumia ni wa kile cha nyumbani! Dunia nzima, nyimbo hizi zitaimba kwenye kisanduku hicho tu, na muda wa kuzifunga upya hakuna.

Anampigia mumewe, fundi cherehani.

"Baba watoto, niletee kisanduku cha jikoni."

"Hiki kinachoniimbia nikiosha vyombo?"

"Hichohicho. Kimbia!"

"Sasa mimi nitaosha na nini?"

"Na maji na sabuni! Njoo, baba, nakufa!"

Mzee anafika akihema, futi ya kupimia bado shingoni, kisanduku amekiviringisha kwa taulo. Kina mafuta, kinanuka kitunguu. Meneja anakunja pua.

"Mama, hiki ndicho kifaa?"

"Kimezoea joto hicho, bosi. Hakitakusumbua."

Mama Kufuli anakichomeka waya, walinzi wanafungua milango. Gitaa linalia, ngoma inaingia, mfanya usafi anaanza kucheza na fagio lake. Wateja wa kwanza wanacheka. Chini ya kaunta, kiatu cha meneja kinagonga sakafu.

"Mguu umeshasaini mkataba, bosi. Bado mkono," Mama Kufuli anamwambia.

Mkono unasaini. Asante haikutoka, lakini nani aliwahi kuisikia kwa wakubwa?

Mumewe anampangusa vumbi begani, wanataniana hadi mlangoni. Mwenye mtu wa kumpigia simu asubuhi kama hii amemzidi meneja utajiri.

Kwa kazi ya matawi hayo, Mama Kufuli anataka kukodi chumba pembeni mwa duka la mumewe, na kuwarekodi akina mama wanaoimba kwenye harusi bila kulipwa, nao waanze kupata chao.

"Chumba kimoja kinanitosha," anasema. "Meza, kompyuta, kiti cha kuzungusha. Atakayeniletea jiko humo, namfungia nje!"