Lita Moja ya Barasa

Harufu ya maji yanayochemka kwenye jiko la mafuta ya taa bado hunirudisha mtaa wa Baba Dogo, kwenye chumba chetu kimoja cha miaka ya tisini, siku ile mdogo wangu Barasa alipoharisha mpaka akaishiwa na nguvu za kulia.

Mama alikuwa ametoka naye zahanati, mkononi ana pakiti ya dawa ya unga. Maagizo yalikuwa mafupi: changanya na lita moja ya maji yaliyochemshwa, isizidi, isipungue. Mfereji wa ploti, tuliotumia wapangaji wote, ulikuwa umekauka kwa siku nyingi na kwenye mtungi yalibaki ya chini tu. Hatukuwa na maji ya kujaribia.

"Nafula, wewe si uko darasa la tano?" Mama akaniuliza. "Lita moja inafika wapi hapa?"

Nilifurahi, niwaambie ukweli. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefundishwa ujazo: urefu mara upana mara kimo. Nikachomoa rula kwenye mkoba, nikakishika kikombe chetu cha plastiki. Kumbe kikombe ni cha mviringo, tena chini kimebana na juu kimepanuka. Mwalimu alikuwa ametufundisha masanduku tu. Nikapima mdomo, nikapima kitako, nikaishiwa.

"Haya, ngapi?"

"Mama, hiki si sanduku."

Hakucheka wala hakunigombeza. Alikitazama tu kile kikombe.

Mama Mutua, jirani yetu Mkamba, akaingia na chupa ya soda. "Jaza hii mara tatu, uongeze kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" Mama akauliza. Jirani mwingine akaleta kopo la mafuta ya kupikia, akaapa kwamba hiyo ndiyo lita. Vyombo vikajipanga sakafuni, kila kimoja na mtetezi wake, maji yakipoa kwenye sufuria. Barasa alikuwa amelala kitandani, macho yameingia ndani. Ukimfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama.

Mwishowe Mama Mutua alikimbia kwake, akarudi na maziwa ya pakiti ya pembe tatu, ya chai ya watoto wake. "Nusu lita. Si imeandikwa hapa?" Akayamimina kwenye kikombe chetu, nikakwaruza kwa msumari pale yalipofika. Tukakiosha, tukapima maji mara mbili mpaka kwenye alama. Lita yetu ikapatikana, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Mama akachanganya ile dawa, akampa Barasa kijiko, akakitapika. Mama akampa kijiko kingine, akakitapika. Akampa tena. Mimi nilishika kitambaa cha kumfutia, basi, sikuwa na lingine la kufanya.

Jioni Baba alipotoka kiwandani hakuvua hata viatu. Alimbeba Barasa kifuani tukaenda hospitali. Mimi niliwafuata kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia nibaki.

Wauguzi walimtundikia dripu, chupa ya maji yenye mistari na namba ubavuni. Mama alikaa chini yake, mkono wa Barasa umo mkononi mwake.

"Nafula, yamefika wapi?"

Nikamsomea.

"Soma tena."

"Hayajashuka, Mama."

"Wewe soma tu."

Nikasoma, nikasoma, mpaka usingizi ukanichukua kwenye benchi. Barasa alipona. Leo ni jibaba la kunung'unika kwamba chai yake haijajaa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mama hakuweza kuziona zile namba ndogo, mama yuyo huyo aliyepima maharagwe kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, sokoni kila siku na asikosee. Kisha binti yangu naye akalazwa. Nikajisikia nikimuuliza mume wangu, kwa mara nyingine tena, maji ya dripu yamebaki kiasi gani, na chupa yenyewe ilikuwa ikining'inia mbele ya macho yangu, namba zake zikisomeka wazi.