Kiguu wa Kiwanda cha Magodoro

Siku aliyopata kazi kiwandani, alimwambia mumewe, "Miezi mitatu tu. Nikishajua kushona kingo, naondoka."

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa kukaa. Siku hiyo kama siku zote alikuwa ameinamia meza yake, kioo kimebanwa jichoni, akitafuta skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga. "Miezi mitatu," alisema bila kuinua kichwa. "Haya."

Miaka thelathini na moja baadaye alikuwa bado anaingia kwa lango lile lile.

Jina la Kiguu alibandikwa wiki ya kwanza. Saa ya mapumziko washonaji wenzake walijinyoosha juu ya magodoro yaliyokataliwa, viatu pembeni, wakapiga soga mpaka kengele. Yeye hakujinyoosha. Alizunguka. Alichungulia stoo, akasoma maandishi kwenye mapipa, akamuuliza dereva wa lori anaenda wapi na anarudi lini. Mshonaji mkongwe wa pale akatikisa kichwa. "Huyu mtoto ni kiguu na njia kabisa!" Wakacheka. Baada ya mwezi ile njia ikadondoka, akabaki Kiguu, na hata karatasi ya zamu iliandikwa hivyo hivyo.

Kazi ya kushona kingo aliijua kwa siku tisa. Unalaza godoro juu ya meza, unaishika cherehani, unaitembeza kuzunguka pande zote nne bila kusimama, kwa kuwa ukisimama uzi unaacha kifundo na msimamizi anakiona. Baada ya hapo ilikuwa kurudia yale yale. Mwezi wa pili miguu ilianza kumwasha. Nyuma ya ukuta alisikia mngurumo, kisha kimya, kisha watu wakipiga kelele kama timu imefunga bao. Siku moja akaufuata mngurumo.

Ulikuwa ukumbi wa kumimina sponji. Kemikali za mapipa mawili zilikutana ndani ya kisanduku kikubwa cha mbao, zikageuka nyeupe, zikaanza kuumuka. Kwa muda ambao mtu angefunga kamba za viatu, kile kilichokuwa kwenye vifundo vya miguu kilimfikia mwanamume kifuani. Kiguu alisahau kufumba mdomo.

"Binti, umepotea?" Aliyeuliza alikuwa msimamizi wa ukumbi, aliyeitwa Mzee Kipimo kwa sababu hakuamini kitu ambacho hakijapanda mizani.

"Sijapotea. Naangalia."

"Huku hatulipi mtu kwa kuangalia."

"Basi nipe kazi niangalie kihalali."

Mzee Kipimo alicheka, akamfukuza. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya kazi ukumbi ule. Kesho yake Kiguu alikuwa pale pale mlangoni, na kesho kutwa pia. Ilichukua mwaka na nusu. Mmoja wa wamiminaji alipoacha kazi, Mzee Kipimo alikwenda mwenyewe chumba cha washonaji akasema, "Yule mwenye kero yuko wapi?"

Akamimina miaka minne. Kisha akahamia kwenye msumeno wa kukata, kisha stoo, kisha akapanda lori la kusambaza mzigo, akijadiliana na wenye maduka waliorudisha magodoro yaliyobonyea. Kila alipoishika kazi ikakaa mkononi, usingizi wa mchana ulimjia, chakula kikakosa ladha, akaanza kuwagombeza watu wasio na kosa. Wenzake walijua dalili. "Kiguu anataka kuhama," walinong'onezana, na kweli, baada ya wiki chache angekuwa mlangoni mwa Bosi, mwenye kiwanda, akiomba kubadilishwa.

Mwaka wa kumi na nne hakuomba. Kiwanda kipya cha sponji kilifunguliwa ng'ambo ya pili ya mji, naye akaandika barua ya kuacha kazi, akaiweka mezani kwa Bosi, akaondoka kifua mbele. Nyumbani alimwambia mumewe akiwa tayari amekwisha kuiwasilisha.

"Ungeniambia kwanza," alisema fundi saa.

"Ungeniambia nifikirie."

"Ndiyo. Ningekwambia ufikirie."

Kule alidumu siku kumi na moja. Walimweka mbele ya ubao wa vitufe, wakamchorea mstari wa njano sakafuni, wakamwambia asiuvuke mpaka zamu iishe. Sponji aliiona kupitia kioo. Siku ya kumi na mbili alisimama mbele ya lango la zamani, na mlinzi, ambaye hakuwa na haraka na raha yake, alimtazama toka utosini hadi kisiginoni.

"Kiguu! Umesahau nini?"

"Nimesahau kazi yangu. Fungua."

Bosi hakumpigia kelele, na hilo ndilo lililomchoma. "Nafasi yako nimeshampa mtu," alisema. "Iliyobaki ni cherehani moja ya kingo. Ukitaka."

Akaitaka. Miaka miwili alishona pembeni ya wasichana ambao, wakati yeye anaingia kazini, walikuwa hawajaanza shule. Walimwita Mama kwa heshima, kisha wakacheka akigeuka. Alimeza. Jioni alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, njia ndefu, akijiuliza amerudi kwa kuwa anapapenda mahali pale au kwa kuwa ameogopa pengine. Akaongeza mwendo.

Kuzunguka saa ya mapumziko hakuacha. Mchana mmoja wa joto alipita banda la kupoozea, ambako mapande mapya ya sponji yalisimama kwa safu kama nyumba za mtaa, yakisubiri kupoa kabla ya kukatwa. Alikuwa na tabia ya kuyagusa, moja moja, kwa kiganja. Alipofika safu ya tatu mkono ukaruka wenyewe. Akanusa. Harufu ilikuwa ya kitu kinachoungua polepole ndani ya kabati.

Alikimbia kumwita Mzee Kipimo.

"Haiwezekani," alisema mzee, daftari mkononi. "Nimepima kemikali mwenyewe asubuhi. Tazama, hesabu iko sawa."

"Mzee wangu, daftari halina kiganja. Njoo uguse."

Akaja, akagusa, uso ukabadilika. Watu sita walilisukuma lile pande juu ya kitoroli mpaka katikati ya uwanja, wakalipasua kwa kulabu. Ndani lilikuwa la kahawia, kama mkate uliosahaulika jikoni. Moshi ukatoka, kisha hewa ikaingia, kisha moto ukaruka juu kuliko paa. Wakarudi nyuma wakijikwaa. Nyuma yao, bandani, kulikuwa na mapande sitini na watu arobaini.

Mzee Kipimo aliketi chini kwenye vumbi. Baadaye ilibainika kwamba mizani yake, ile ile aliyoiamini kuliko watu, ilikuwa imeharibika na kemikali moja ikazidishwa. Hakungoja kuitwa. Alikwenda kwa Bosi na kofia mkononi, akasema, "Mimi nimebakiza miezi. Ukumbi mpe yule mama." Kiguu alilijua hilo siku mzee alipomkabidhi funguo, naye alimshukuru kwa kumshika mkono.

Akawa msimamizi wa ukumbi kwa miaka kumi na tano. Alipewa ofisi na kiti cha kuzunguka, akakitumia kutundikia makoti ya mvua. Watu walisema sasa ametulia. Hawakumwona nyumbani.

Binti yao alipopata kazi nchi ya mbali, Kiguu alimsaidia kupanga sanduku. Katikati ya kukunja nguo binti akauliza, si kwa ubaya, "Mama, wewe ulikuwa unataka kwenda wapi?"

Kiguu aliikunja upya blauzi iliyokuwa imekwisha kukunjwa.

Wiki zilizofuata alihamisha kitanda mara tatu, akapaka rangi mlango ambao haukuwa na tatizo. "Mama watoto," alisema mumewe, akikinga skrubu zake kwa viganja viwili, "ukilipanga hilo kabati tena, nitakayehama ni mimi."

Ndipo habari zikaja kwamba Bosi anafungua tawi katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Anahitajika mtu wa kulisimamisha kuanzia sakafu. Majina matatu yalitajwa, yote ya vijana. Kiguu alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Aliingia ofisini bila kubisha.

"Nitume mimi."

Bosi, naye sasa mvi tupu, alivua miwani. "Mama, kwa umri wetu huu... huu ni wakati wa kupumzika."

"Nimepumzika hapa miaka thelathini na moja, Bosi. Inatosha."

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavaa tena miwani. "Ukichoka?"

"Nikichoka utanipa cherehani."

Safari hii alimwambia mumewe kabla ya kusema ndiyo. Fundi saa aliondoa kioo jichoni, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi. "Wateja wangu wote wako hapa," alisema. "Wengine nimewahudumia miaka thelathini. Siwezi kuinuka tu kama wewe."

"Najua."

"Hunilazimishi?"

"Sikulazimishi."

Alifikiri hadi chai ikapoa. "Tangulia," akasema hatimaye. "Sijui kama nitakuja. Lakini tangulia." Kiguu alitamani amkatalie, wagombane, apate pa kushika. Hakukataliwa. Asubuhi ya safari mumewe alimbebea begi hadi kituoni, wakaulizana tena na tena kama tiketi ipo.

Jengo jipya lilikuwa tupu, lenye mwangwi, saruji bado inanuka. Kiguu aliamini kwamba akifika mahali kama pale, ule mwasho utamtoka. Haukutoka. Alilipima jengo kwa hatua, akachora kwa chaki mahali pa mapipa, akafuta, akachora tena. Kisha akasimama mbele ya mlango wa banda la kupoozea na kuona umejengwa kwenye ukuta wa ndani, mbali na uwanja.

Akamwita mwashi. "Huu uzibe. Toboa hapa, upande huu wa uwanja, upana wa kitoroli na watu wawili kila ubavu."

"Mama, ukuta huu tumeumaliza juzi!"

"Naona," alisema Kiguu, akiokota nyundo iliyokuwa karibu. "Tuanzie wapi?"