Mkono Wangu Ndani ya Mtungi wa Kasiksi

Nitawasimulia, lakini kwanza acheni kucheka, maana hata leo nikisikia injini ya boti mkono wangu wa kuume huanza kuwasha wenyewe, na aibu hunipanda kama siku ile pale Idjwi, mbele ya ukoo mzima wa watu waliovaa nguo za misa.

Nilianza kushuku Alhamisi. Tonton wetu wa Kamituga, mdogo wake papa, alifika nyumbani Bukavu na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, hakukaa sebuleni, akaingia moja kwa moja chumbani kwa papa, wakafunga mlango, na nilipopita (nilipita mara nne, sikusikiliza, nilipita tu) nikamsikia akisema, "Ufiche muzuri. Wasiione mbele ya saa yake." Kamituga ni mji wa dhahabu, na mimi ni mwandishi wa riwaya. Mlitaka niwaze nini? Maharagwe?

Kesho yake papa akatangaza matembezi ya familia: Jumamosi tunapanda boti hadi kisiwa cha Idjwi, kupunga hewa tu. Papa, ambaye huogopa hata maji ya beseni! Asubuhi akatokea na suti. Maman kafunga kikwembe kipya. Kaka yangu Bahati, mtu wa kandambili hata akienda kwa daktari, alikuwa na tai. Botini nikauliza ni matembezi gani haya ya tai, wote wakageuka kuangalia ziwa. Na katikati ya magoti ya maman ulikaa mtungi wa udongo wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mdomo umefungwa kwa jani kavu la mgomba na kamba.

"Maman, iyi pombe ni ya nani?"

"Ni ya wenye hawaulizake mingi."

Ziwa lilikuwa limelala, kijani kwenye miamba, bluu nzito mbele, na vilima vya kisiwa vilitusogelea polepole kama watu wanaokunyemelea wakidhani hujawaona. Sikuufurahia uzuri ule. Nilijua kwamba ng'ambo ya kisiwa ni nchi nyingine, ndiko dhahabu ya magendo inakovushwa, na nilikwisha kumwona papa, kichwani mwangu, amefungwa pingu na suti yake moja.

Mawimbi yakaanza, maman akashikwa na kichefuchefu, akahamia ukingoni. "Neema, shika mutungi. Lakini usiufungule, unasikia?" Nikasikia. Nikasema nitachungulia kidogo tu. Kidole kikapita chini ya jani, baada ya kidole mkono (nina mikono myembamba, siku ile ndipo nilipojuta), nikazamisha kwenye kasiksi ya uvuguvugu hadi kiwiko, na pale chini, wallahi, nikagusa chuma! Nikakishika. Mpango wangu ulikuwa safi: nakitoa, nakitupa ziwani, papa anaokoka, hakuna anayejua.

Ngumi haikupita shingoni mwa mtungi.

Nikavuta, nikazungusha, nikajifanya ninaukumbatia mtungi kwa mapenzi, na boti ikagusa ufuko kabla mkono haujatoka. Nikafunika kila kitu kwa gilet, lile koti la kuelea la boti. Juu yetu, penye migomba ya kwanza ya kilima, walisimama wazee wenye kofia na wanawake wamejipanga mistari, wanatungoja. Wanunuzi, nikajiambia. Wote hawa!

Tukapanda kilima. Nilitembea nimeinama upande kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Vigelegele vikapasuka, mwanamke mnene mwenye macho makali akaninyooshea mikono. "Karibu, mutoto wangu. Leta mutungi."

"Nitabeba tu mwenyewe, maman."

"Leta."

"Ni muzito."

Akaivuta gilet. Jani limechanika, mkono wangu umezama, kasiksi inanitiririka kwapani. Vigelegele vikakatika. Papa akauliza kwa sauti ndogo sana, "Neema, weye iko nafanya nini?" na mimi, badala ya kunyamaza, nikalia mbele ya ukoo wote: "Mimi siko ndani! Iyi dhahabu ni ya papa na tonton!"

Hata mbuzi waliacha kula.

"Fungula ngumi," mwanamke yule akasema. "Mukono itatoka yenyewe."

Nikafungua. Ukatoka, mwepesi kama samaki. Yeye akaumimina mtungi taratibu kwenye beseni, mbele yetu sote, na mwishoni ikalia: bangili ya shaba ya marehemu nyanya yangu, ambayo tonton alikuwa ameitunza Kamituga. Hivyo ndivyo kwetu tunavyoomba mchumba. Ukoo wa msichana unakunywa, na wakiridhika wanafika chini, wanakuta bangili, shangazi anamvisha binti. Shangazi ndiye yule. Binti aliitwa Aline, alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimeziba mdomo. Mimi peke yangu sikuambiwa, kwa sababu mchumba wa kwanza wa Bahati nilimtangaza kabla ya wakati, na mambo yakaharibika.

Bahati hakunitukana. Alilegeza tai, akaivua, akaiweka mfukoni. Hilo liliniuma kuliko kofi.

"Pombe yenye ilishaogewa, hatunywe," shangazi akasema. Papa akainama. Kisha mwanamke yule akanitazama hadi miguuni, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Mutarudi na mutungi mwingine. Na huyu abakie Bukavu."

Wiki tatu baadaye nilisimama bandarini nikiwapungia, peke yangu, na boti ikawa nukta. Walirudi jioni wanaimba.

Sasa Aline ni wifi yangu, na kila akiniandalia chakula, bangili ya nyanya inalia mkononi mwake anapofunua sufuria yeye mwenyewe, kwa utaratibu, hadi nione mpaka chini, ndipo anasema, "Kula, Neema, akuna kitu ndani." Na mimi nakula, mikono yote miwili juu ya meza. Chochote kilichofunikwa, jamani, kifunuliwe na mwenyewe.